Meli za Nyuklia: Hatari Iliyo Gatini

Tarehe 10 Agosti 1985, katika ghuba ya Chazhma karibu na Vladivostok, mafundi wa jeshi la majini la Sovieti walikuwa wakibadilisha fueli ya nyambizi K-431. Kifuniko cha kinu cha nyuklia hakikukaa vizuri, ikabidi kiinuliwe tena kwa kreni ya meli iliyofungwa ubavuni. Boti ya kijeshi ikapita kwa kasi, mawimbi yake yakaiyumbisha ile meli, na kifuniko kikapanda kupita kiasi pamoja na vyuma vinavyodhibiti kinu. Kinu kikalipuka papo hapo. Watu 10 walikufa, na mionzi ikatapakaa gatini hadi kwenye vilima vya jirani. Hapakuwa na adui wala vita.

Wanaozitetea meli za nyuklia wana hoja nzito. Hakuna ajali ya meli iliyowahi kusababisha mlipuko wa bomu la nyuklia. Nyambizi ya Urusi Kursk ilipozama mwaka 2000 na watu 118, vinu vyake vilijizima vyenyewe. Nyambizi ya Sovieti Komsomolets, iliyo kilindini mwa Bahari ya Norwei tangu 1989, ilipimwa mwaka 2019 ikaonekana inavuja, lakini mionzi ilififia haraka ndani ya maji mengi. Nayakubali yote hayo. Ila maji mengi yako kilindini. Gatini kuna wachukuzi, wavuvi na nyumba za watu. Na vinu havijizimi kila mara. Mwaka 1986, nyambizi ya Sovieti K-219 ilipopata mlipuko karibu na Bermuda, baharia kijana Sergei Preminin aliingia chumba cha kinu akashusha vyuma kwa mikono yake, kisha mlango ukakataa kufunguka, akafia humo.

Linalozidisha hatari ni usiri. Desemba 1965 ndege yenye bomu la nyuklia ilianguka baharini kutoka Ticonderoga, manowari ya Marekani, ikazama na rubani wake. Mwaka 1981 serikali ya Marekani ilisema ajali ilitokea zaidi ya maili 500 kutoka nchi kavu. Mwaka 1989 ikajulikana kuwa palikuwa kama maili 80 tu kutoka visiwa vya Japani. Watu wasioambiwa ukweli hawawezi kujiandaa, wala kudai fidia.

Mkataba wa Pelindaba umepiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika, lakini umeiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu meli za kigeni zinazotembelea bandari zake. Basi serikali zetu ziulize kama meli hizo zina silaha au kinu cha nyuklia kabla ya kuzikaribisha, na anayejibu kwamba hathibitishi wala hakanushi asiruhusiwe kutia nanga.