Wengi Wape, na Wachache Je?

Tunapozungumzia demokrasia wengi wetu hukumbuka usemi wa wahenga, "Wengi wape." Ni kweli, kura zikihesabiwa wengi hushinda. Lakini je, wachache wanyimwe hata nafasi ya kusimama?

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni ya Watanzania: tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi? Karibu asilimia 80 walitaka chama kimoja. (Tusisahau kwamba wengi wa hao nao walitaka kiwe na marekebisho.) Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 Katiba ikabadilishwa.

Je, wengi walidhulumiwa? Sisi hatuoni hivyo. Aliyeipenda CCM aliendelea kuichagua, na mwaka 1995 mgombea wake, Benjamin Mkapa, alishinda kwa asilimia 61.8. Kama ingeamuliwa kwa hesabu tu, yule mmoja kati ya watano asingekuwa na chama cha kujiunga nacho, wala sheria isingemruhusu kuanzisha chake.