Utoto Wangu Umo Kwenye Kila Picha

Mpenzi wako akiwa mhasibu, mahesabu yake hayatakwambia alilelewaje. Akiwa mchoraji au mwanamuziki, kaa chonjo! Mambo ya kwao utayaona ukutani au utayasikia redioni kabla hajakusimulia mwenyewe. Nalijua hilo kwa sababu mchoraji ndo mimi, na mwaka jana nusura livunje uchumba wangu.

Mchana nabuni matangazo kwenye ofisi moja hapa Dar es Salaam. Usiku na wikiendi nachora vya kwangu. Mchumba wangu alikuja kuona picha nane nilizokuwa naandaa kwa maonyesho yangu ya kwanza. Akazizungukia kimya kimya, halafu akauliza: “Hivi huyu mwanaume ni nani? Kila picha katupa mgongo. Ni mimi?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku tatu hatukupigiana simu.

Mgongo wa baba

Nimekulia Tanga. Baba alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Aliondoka alfajiri, begi begani, akarudi baada ya wiki mbili au tatu. Mama alikuwa fundi cherehani, akishona barazani, na mimi nikicheza chini ya meza yake na kuokota vipande vya vitenge vilivyodondoka.

Sasa njoo uone kazi zangu. Kabla ya kupaka rangi, nabandika vipande vya kitenge. Katikati ya picha kuna mlango. Mlangoni kuna mwanaume anayetoka. Wala sikukaa chini nikapanga kuchora utoto wangu. Mkono ulikwenda wenyewe.

Sio mimi tu

Mwangalie Siti binti Saad. Alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwenye familia ya wafinyanzi. Alitembea akinadi vyungu, na sauti iliyozoea kuita wateja ndiyo iliyomfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hakuwasahau watu wa hali ya chini alikotoka: aliimba kuhusu dhuluma na wanawake wanaoonewa.

Au Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru aliyekuja Dar kutafuta maisha na kuanza kuchora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa ndugu na jamaa zake. Alipouawa mwaka 1972, wao ndio walioendeleza mtindo ule mpaka ukajulikana duniani. Bila ukoo, huenda jina lile lingezikwa naye.

Na Diamond Platnumz? Mwaka 2018, akiwa tayari staa, albamu yake aliiita A Boy from Tandale. Angeweza kujinasibu kwa magari na majumba, lakini akarudi mtaani kwao.

Mtazamaji naye ana utoto wake

Tulipokaa kuongea, mchumba wangu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Kwao, mgongo wa baba ulimaanisha ugomvi. Wazazi wake walikuwa wakinuniana wiki nzima, na mwishowe wakaachana. Ndiyo maana alipoona mwanaume anatoka mlangoni, akaona uchumba unakufa. Mimi nilichora safari, yeye akasoma talaka. Picha ilikuwa moja, ila kila mmoja aliitazama kwa macho ya nyumbani kwao.

Bila zile picha, pengine tungeoana bila kulijua hilo.

Mama anasemaje?

Hadithi za nyumbani si mali ya msanii peke yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kwetu kata ni mama. Kwa hiyo kabla ya maonyesho nilikwenda Tanga na picha kwenye simu. Baba alishafariki, kwa hiyo wa kuulizwa alibaki yeye.

Alizitazama moja moja. Akavua miwani. “Mwanangu, baba yako alikuwa anakwenda kututafutia. Mbona hukumchora akirudi?”

Nilikosa la kusema. Maana alikuwa akirudi kweli, na kiroba cha machungwa ya Muheza, akipiga honi toka kona ya mtaa. Kumbukumbu ya mtoto huchagua, na mara nyingi huchagua kilichouma.

Mama aliniruhusu kuzitundika zote nane. Ya tisa naichora sasa: mlango uleule, machungwa, na uso. Uso unanipa tabu, kwa kuwa sijawahi kuuchora.

Kama mpenzi wako ni msanii

• Uliza “hii imetoka wapi?” kabla ya kuuliza “hii ni mimi?”
• Msimulie na wewe ya kwenu. Asipoyajua, atashangaa kwa nini wimbo mmoja tu umekununisha.
• Nenda naye kwao. Saa moja na mama yake itakueleza mengi kuliko maonyesho matatu.

Na wewe msanii, kabla hujaanika ya nyumbani hadharani, waonyeshe kwanza wenye nyumba. Wanaweza kukunyima ruhusa, lakini pia wanaweza kukupa nusu ya hadithi uliyokuwa huna.