Mgongo na Shingo Vinapouma Miezi Mingi

Kila mwaka kazi ya kuchimba ngoro inapokwisha, benchi la wagonjwa wa nje hujaa akina mama wanaoshika kiuno. Kutoka kando ya ziwa, huko Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, huja wavuvi ambao shingo na mabega yao yamekaza kwa kupiga kasia na kuvuta nyavu. Tukiwauliza wameanza kuumwa lini, wengi husema ni tangu mwaka jana au mwaka juzi. Wamemeza vidonge, wamechomwa sindano, wamelala, nafuu imekuja siku chache, kisha maumivu yamerudi.

Mwezi huu tunapenda kueleza jambo moja ambalo wengi hawaliamini wanapolisikia mara ya kwanza. Maumivu ya misuli ya mgongo na shingo yaliyokwisha kudumu zaidi ya miezi 3 hayaondoki kwa kulala. Hupungua kwa kuutumia mwili, polepole na kwa kipimo.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazocheza: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Pingili hizo hushikiliwa na misuli pande zote, kama nguzo inavyoshikiliwa na kamba. Misuli ya tumbo na makalio nayo husaidia kazi hiyo.

Tuangalie kazi zetu. Milimani Umatengo, akina baba hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba, halafu akina mama huinama kutwa nzima wakizifukia kwa udongo. Msimu wa kahawa unapofika kuna kuchuma, kuzungusha mashine ya kumenya na kubeba magunia. Kule ziwani kuna kutwanga mihogo, na kuinama kuanika dagaa. Na kila mahali kuna ndoo ya maji. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Ndoo ya lita 20 inaongeza kilo 20 juu ya shingo hiyo hiyo.

Mwili ukifanya kazi usiyoizoea, misuli huuma zaidi siku ya pili na ya tatu, kisha hupoa yenyewe. Hilo ni jambo la kawaida. Shida huanza pale mtu anapoogopa. Anakaza mwili, anatembea kama ubao, analala mchana. Misuli isiyotumika hunyong'onyea upesi, na misuli minyonge huchoka upesi. Akirudi shambani, kazi ndogo tu inamwumiza, naye anazidi kuogopa. Tena, maumivu yakikaa muda mrefu, mishipa ya fahamu huwa myepesi kushtuka. Inapiga kelele hata pale ambapo hakuna kitu kinachoharibika. Kwa hiyo kuumwa kidogo unapojinyoosha si dalili kwamba unajivunja.

Hatuko peke yetu katika shida hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno. Mwezi wa Desemba 2023 Shirika hilo lilitoa mwongozo wa kutibu maumivu ya kiuno ya muda mrefu, na mazoezi pamoja na elimu kwa mgonjwa ni kati ya mambo yanayoshauriwa humo.

KWANZA TUHAKIKISHE NI MISULI

Wengi hudhani kila mgongo unaouma ni figo. Maumivu ya figo mara nyingi huwa ubavuni chini ya mbavu, pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo. Maumivu ya misuli huongezeka au kupungua kadiri unavyoinama, kugeuka au kubadili mkao.

Usianze mazoezi, nenda hospitali upimwe, ukiona mojawapo ya dalili hizi:

- Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda. Inaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Ugonjwa huu unapona kwa dawa, na dawa zake hapa Tanzania hutolewa bure. Ukicheleweshwa, hupindisha mgongo na kupoozesha miguu.
- Miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja. Hii ni dharura, usingoje kesho.
- Shingo kukaza pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Hii nayo ni dharura.
- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki.
- Maumivu yasiyotulia hata usiku ukiwa umelala, au yaliyoanza kwa mara ya kwanza kwa mtu aliyevuka miaka 50.
- Mtoto anayelalamika mgongo siku nyingi.

VIPI KUHUSU DAWA?

Vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni vinaweza kusaidia siku chache, ili mtu aweze kusogea. Havifai kuwa chakula cha kila siku. Vikitumika kwa muda mrefu huweza kuchubua tumbo mpaka litoke damu, na huharibu figo. Mama mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, mwenye shinikizo la damu na mzee wasinunue dawa hizi dukani bila kumwuliza mganga. Sindano hazina nguvu ya pekee kuliko vidonge. Nasi tunawasihi wanaochanjwa chale mgongoni: wembe uliotumika kwa mwingine unaweza kuleta UKIMWI au homa ya ini.

Joto ni msaada usio na gharama kubwa. Chovya kitambaa katika maji ya moto, kamua, jipime kwanza kwa mkono usije ukaungua, kisha weka mahali panapouma kwa dakika 15. Kukandwa taratibu na ndugu wa nyumbani nako hulegeza misuli. Baada ya hapo ndiyo saa nzuri ya mazoezi.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Tandika mkeka. Fanya asubuhi na jioni, kila zoezi mara 5, bila kubana pumzi.

1. Lala chali, kunja magoti. Vuta goti moja kifuani kwa mikono, hesabu mpaka 10, rudisha. Fanya na la pili.
2. Ukiwa bado chali na magoti yamekunjwa, inua makalio polepole, hesabu mpaka 5, shusha. Hili huimarisha kiuno.
3. Piga magoti na kushika chini kwa mikono. Inua mgongo juu kama paka anayejinyoosha, kisha uache ushuke taratibu.
4. Kaa wima. Geuza uso kulia mpaka unapoweza, hesabu mpaka 5, halafu kushoto. Kisha laza sikio kuelekea bega, kila upande.
5. Rudisha kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa, kama mtu anayekataa kijiko cha dawa. Hesabu mpaka 5, legeza.
6. Weka kiganja kwenye paji la uso. Kichwa kisukume kiganja na kiganja kizuie, kichwa kisisogee. Hesabu mpaka 5. Fanya pia kisogoni na kila upande.

Mama mjamzito mwenye mimba kubwa asifanye yale ya kulala chali. Afanye la 3, la 4 na la 5.

Ongeza na kutembea: dakika 10 kila siku kwa wiki ya kwanza, halafu ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30.

Kipimo ni hiki. Maumivu yakiongezeka kidogo wakati wa zoezi na kutulia kabla ya kesho yake asubuhi, endelea. Yakiwa makali zaidi siku ya pili, punguza nusu, lakini usiache. Baada ya wiki 2 ongeza mpaka mara 10. Usitegemee muujiza wa siku 3. Wengi huanza kuona tofauti baada ya wiki 6 hivi, na wanaoacha mara tu wanapopata nafuu mara nyingi hurudi benchini.

KAZI NAYO IPANGWE

Hatuwezi kumwambia mkulima aache jembe. Tunaweza kubadili namna. Anza msimu kwa nusu siku, uzoeshe mwili. Tumia jembe lenye mpini mrefu unaolingana na kimo chako. Kila baada ya nusu saa simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma mara 5. Anika dagaa kwenye kichanja kinachofika kiunoni badala ya mchangani. Ukiinua gunia, kunja magoti na ulikumbatie karibu na mwili, tena mwe wawili.

Ndoo mbili za lita 10 kwa safari mbili ni nafuu kuliko moja ya lita 20. Na hapa tunasema na akina baba na vijana: maji, kuni na ngoro visiwe mzigo wa mama peke yake. Mgongo wa mama ukishindwa, shamba linabaki pori na watoto wanalala njaa. Baiskeli na pikipiki zilizopo nyumbani zinaweza kubeba madumu.

Kama umefanya mazoezi haya kwa miezi 2 bila nafuu yoyote, njoo hospitali. Tutakupima upya, na pale inapobidi tutakutuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Wengine wote, tandikeni mkeka leo jioni.