Kufika Da Nang: Ndege, garimoshi au basi, mlima wa Hai Van ndio huamua

MSAFIRI anayepanga kwenda Da Nang, mji wa bandari ulioko katikati ya pwani ya Vietnam, hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: afike kwa njia ipi? Mji huo umo karibu nusu ya safari baina ya Hanoi, jiji kuu lililoko kaskazini, na Ho Chi Minh City, kitovu cha biashara kusini. Ndege, garimoshi na mabasi yote hufika huko. Hata hivyo, anayechagua bila kupima huenda akapoteza siku nzima ya likizo, au akaukosa mkutano uliompeleka.

Chanzo cha ugumu huo ni umbo la nchi yenyewe. Sehemu ya kati ya Vietnam ni nyembamba mno. Mahali pengine upana wake kutoka baharini hadi mpaka wa Laos ni takriban kilomita 50 tu. Isitoshe, kaskazini mwa Da Nang, safu ya milima hujitokeza hadi kuigusa bahari. Hapo ndipo palipo na mlima wa Hai Van, jina ambalo maana yake ni bahari na mawingu. Barabara na reli zitokazo kaskazini sharti zikabiliane nao.

Ndege ndiyo njia nyepesi ya kuukwepa. Safari ya kutoka Hanoi au Ho Chi Minh City huchukua muda wa saa moja na dakika 20 hivi. Uwanja wa ndege wa Da Nang umo ndani ya mji, kilomita chache tu kutoka kando ya mto Han, hivyo abiria hahitaji kutenga muda mrefu wala fedha nyingi za teksi.

Kwa Mkenya, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Da Nang. Wengi hubadilisha ndege katika nchi za Ghuba au Bangkok, kisha wengine hutua Hanoi au Ho Chi Minh City na kupanda ndege ya humo nchini. Hapa pana mtego. Abiria hukaguliwa na maafisa wa uhamiaji katika uwanja wa kwanza anaotua Vietnam. Ikiwa amenunua tiketi mbili zisizoungana, huchukua mizigo yake na kuisajili upya. Na akichelewa, hasara ni yake. Ni busara kuacha nafasi ya saa kadhaa.

Viza nayo haina budi kushughulikiwa mapema. Tangu Agosti 2023, Vietnam hutoa viza ya mtandaoni kwa raia wa nchi zote, inayoweza kudumu hadi siku 90. Ada yake ni dola 25 za Marekani kwa kuingia mara moja na dola 50 kwa anayetaka kuingia zaidi ya mara moja.

Asiye na haraka atafurahia reli. Njia ya kutoka Hanoi hadi Ho Chi Minh City ina urefu wa kilomita 1,726. Ilikamilika mwaka wa 1936, enzi ya ukoloni wa Wafaransa, ikakatizwa na mgawanyiko wa nchi na vita, kisha ikafunguliwa tena mwishoni mwa 1976. Upana wake ni mita moja, sawa na reli kuukuu ya Mombasa hadi Kisumu, na mwendo wake si wa kasi. Hanoi hadi Da Nang ni kilomita 791, safari ya muda wa saa 16 hivi. Kutoka kusini ni kilomita 935. Abiria huchagua kiti kigumu, kiti laini, au kitanda katika chumba cha watu sita au wanne.

Kipande kinachosifiwa zaidi ni cha kutoka Hue hadi Da Nang, takriban kilomita 100. Garimoshi huuzunguka mlima wa Hai Van likiambaa ukingo wa bahari, huku barabara ikipita kwingine. Anayetoka Hue akae upande wa kushoto, na achague safari ya mchana. Anayeendelea na safari kupita Da Nang asishtuke pia: reli huishia ndani ya kituo hicho, hivyo kichwa cha garimoshi huhamishiwa upande wa pili na mabehewa kuondoka kinyumenyume.

Mabasi ya vitanda ndiyo nafuu kwa mfuko. Huwa na vitanda vya ghorofa mbili, na abiria huvua viatu mlangoni. Mtu mrefu hatalala kwa raha. Tangu 2005 magari hupita katika handaki la Hai Van, lenye urefu wa zaidi ya kilomita sita, badala ya kuupanda mlima kwa kona za kutisha. Waendeshao pikipiki hawaruhusiwi kuliendesha humo. Hupanda barabara ya zamani, yenye mwinuko wa karibu mita 500. Mkenya anayewazia kukodi pikipiki akumbuke kwamba Vietnam huendesha upande wa kulia.

Majira nayo hayana simile. Mwishoni mwa Oktoba 2025, mvua ilifurika Hue na Hoi An, na safari za reli katika eneo hilo zikasimamishwa. Anayesafiri kati ya Septemba na Desemba aache siku moja ya akiba. Wakati wa Tet, mwaka mpya unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na Februari, tiketi huadimika kwa kuwa kila mtu hurejea kwao.

Novemba 2024, Bunge la Vietnam liliidhinisha ujenzi wa reli ya mwendo wa kilomita 350 kwa saa, inayolengwa kukamilika 2035. Hadi hapo, mwenye miadi apande ndege. Mwenye siku za kutosha ashuke Hue, akamalizie safari kwa garimoshi la mchana.