Jiko la Kuni: Tuangalie Kwanza Hewa Inapoingilia

Katika robo hii kamati kadhaa za parokia zimetuletea maombi ya majiko banifu ya kuni, na baadhi ya wafadhili wetu wameuliza kwa nini hatutoi jiko la aina moja kwa wote. Swali ni la haki, nasi tunapenda kulijibu kwa kirefu kidogo.

Miaka ya mwanzo tulijenga majiko ya udongo yenye kuta nene, tukiamini kwamba udongo mwingi hutunza joto. Tuliporudi kuyakagua, tulikuta baadhi yamegeuzwa kuwa meza ya vyombo na kina mama wamerudi kwenye mafiga. Walitueleza wazi: moto unazimika kila mara, mtu anapuliza mpaka machozi yanamtoka, na ugali unachelewa. Walisema kweli. Udongo mzito hunyonya joto ambalo lingefika kwenye sufuria. Wenzetu wa Guatemala walipata somo hilo hilo kwa jiko la Lorena, lililobuniwa huko miaka ya 1970: lilipopimwa baadaye, lilionekana kutumia kuni nyingi kuliko moto wa wazi unaotunzwa vizuri.

Kosa letu kubwa zaidi lilikuwa la hewa. Jiko lilikuwa na mdomo mmoja, na kuni zililazwa chini zikauziba wote. Moshi ni kuni ambazo hazijamaliza kuungua, kwa kukosa hewa au joto la kutosha. Hewa ikipita chini ya kuni na kuingia kwenye makaa ikiwa imeshapata moto, sehemu kubwa ya moshi huungua kabla ya kutoka. Jiko la roketi, lililobuniwa na Larry Winiarski miaka ya 1980, linafanya kazi kwa njia hiyo.

Kwa familia ya kawaida, sasa tunajenga mdomo wa sentimita 12 kwa 12 hivi. Ndani yake tunaweka kibati juu ya vijiwe viwili: kuni zinakaa juu ya kibati, hewa inapita chini yake. Kibati hicho ni cha bei ndogo kuliko kitu kingine chochote katika jiko, nacho ndicho mafundi husahau mara nyingi. Chumba cha moto tunakizungushia matofali mepesi ya udongo uliochanganywa na pumba za mpunga au vumbi la mbao, kwa kuwa pumba zikiungua huacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee. Kuni ziwe nyembamba na kavu. Kuni mbichi zitalishinda jiko lolote.

Inabaki hewa ya chumba chenyewe. Katika vijiji vya milimani watu huziba madirisha kwa sababu ya baridi. Bomba la moshi linapotoa hewa, lazima hewa nyingine iingie chumbani kuchukua nafasi yake. Isipopata njia, bomba halivuti na moshi unarudi ndani. Kwa hiyo tunaacha nafasi chini ya mlango na nyingine juu ya ukuta, chini ya paa. Penye paa la nyasi hatupitishi bomba la bati katika nyasi, kwani tungeunguza nyumba. Tunalitoa ukutani na kulipandisha mbali na paa.

Hili si suala la kuokoa kuni tu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto walio chini ya miaka mitano. Mtoto aliye mgongoni mwa mama anavuta kile anachovuta mama. Na jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku ili kupasha joto linaweza kuua hata bila moshi, kwa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu.

Kabla kamati haijapokea jiko lolote, hata letu, mwambieni fundi aliwashe mbele yenu. Likishapata moto, shikeni majani yanayofuka karibu na mdomo wake. Moshi ukivutwa ndani, hewa inapita. Ukirudi usoni kwenu, msitie sahihi. Na katika barua za maombi, tafadhali tuandikieni paa ni la nini, dirisha liko upande gani, na ni nani hasa anayepika.