Pareto Hungoja Baridi

Mji wa Kisii, katika nchi ya Gusii magharibi mwa Kenya, uko kusini mwa ikweta kwa chini ya digrii moja. Kati ya Juni na Desemba, urefu wa mchana haubadiliki hata kwa dakika kumi. Mimea mingi ya Ulaya hupima urefu wa usiku ili kujua msimu wa kutoa maua. Gusii, kipimo hicho hakisaidii, na zao la pareto hutegemea kingine: baridi. Isipopata majuma kadhaa ya usiku wenye ubaridi, hunawiri majani matupu. Na sumu ya kuua wadudu, ambayo ndiyo faida ya mkulima, imo kwenye ua. Ndiyo maana zao hili lilishamiri Gusii ya juu, ambako kilele cha Kiabonyoru kinapita mita 2,000, wala si kwenye mteremko wa joto unaoelekea Ziwa Victoria.

Mwanga nao una habari zake. Mashamba ya Kisii na Nyamira ni madogo, mahindi husongamana na migomba. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu, lakini ule mwekundu wa mbali, ambao macho yetu hayauoni vizuri, huurudisha. Mahindi huutambua kwa protini iitwayo fitokromu, yakajua kuna jirani hata kabla kivuli chake hakijayafikia. Hapo hurefuka mbio, na shina jembamba hulala chini upepo ukivuma.

Lakini kwangu mimi, hakuna mmea unaoishinda pasheni. Penye jani huchomoza kikono chembamba kinachozunguka hewani polepole. Kikigusa waya, upande wa nje hukua haraka kuliko ulioguswa, kikajipinda. Charles Darwin, aliyeandika kuhusu mimea itambaayo mwaka 1865, aligusa kikono cha mmea ulio jamaa ya pasheni kwa kijiti, akaona ncha ikianza kupinda baada ya kama nusu dakika. Matone ya maji hayakuishtua, jambo la maana sana katika nchi ya Gusii, inayonyeshewa karibu mwaka mzima.

Kikishashika, kikono hujisokota kama springi. Kwa kuwa kimefungwa huku na huku, nusu husokotwa kulia na nusu kushoto, katikati pakabaki kipande kilichonyooka. Ukichungulia pasheni iliyo kwenye waya utakiona. Shina likiyumbishwa, springi hiyo hunyumbuka badala ya kukatika. Kikono kilichokosa cha kushika hujikunja na kunyauka. Kwa hiyo nguzo na waya viwe tayari mapema, na mche uongozwe kwa kamba mpaka vikono vya kwanza viufikie waya.