Jua la Makunduchi na siku waya wa baharini utakapokatika

Desemba 2009 umeme uliondoka Unguja, na haukurudi mpaka Machi 2010. Hitilafu moja kwenye njia ya baharini inayoleta umeme kutoka Bara, iliyolazwa mwaka 1980, ilitosha kukizima kisiwa. Pampu za maji zilisimama, mahoteli yakaunguza dizeli mchana na usiku, na asiye na jenereta akarudi kwenye kibatari. Mwaka 2008 yalitupata hayo hayo kwa takriban mwezi mzima. Tangu 2013 tuna waya mpya wa megawati 100, na umetufaa sana, lakini umeme wenyewe bado unavuka bahari.

Kwa hiyo mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa jua wa megawati 18, pamoja na betri, huko Makunduchi naupokea kwa mikono miwili. Swali langu halihusu wingi wa paneli. Waya wa baharini ukikatika tena, mtambo huu utawaka au utazimika pamoja nasi?

Jibu limo ndani ya inveta. Paneli hutoa mkondo mnyoofu, nasi majumbani tunatumia mkondo geu, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Inveta ndiyo inayougeuza. Inveta ya kawaida husikiliza kwanza mapigo ya gridi, kisha ikaingiza umeme wake kwa kuyafuata. Gridi ikifa, nayo hujizima mara moja, hata kama jua la saa sita liko utosini. Imeundwa hivyo makusudi, ili fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa asipigwe na umeme. Maana yake ni kwamba mtambo wenye inveta za aina hiyo peke yake ungekaa bure miezi yote ile ya 2009 na 2010, jua likiwaka juu yake.

Ipo aina ya pili, ambayo huunda mapigo yake yenyewe kwa kuegemea betri. Hii huweza kuanza gizani: ikawasha laini moja, tuseme Hospitali ya Makunduchi na pampu za maji za jirani, halafu mafundi wakaongeza mtaa mmoja mmoja kadiri nguvu inavyoruhusu. Megawati 18 haziwezi kubeba Unguja nzima, na asije mtu akawaahidi wananchi hivyo. Ila maji na hospitali zinaweza kuzibeba.

Na hata siku za kawaida betri ina kazi. Matumizi yetu hupanda baada ya magharibi, jua likishazama na paneli zikiwa hazitoi kitu. Betri hupimwa kwa namba mbili, na mtu akikutajia moja tu mwambie ataje na ya pili. Megawati ni kasi ya kutoa umeme. Megawati-saa ni akiba iliyomo. Betri ya megawati 10 yenye akiba ya megawati-saa 40 hutoa nguvu yake yote kwa saa 4, yaani tangu saa moja ya usiku hadi saa tano. Yenye akiba ya 10 huishia saa mbili, watu hawajamaliza kula.

Hofu ya moto ni ya haki. Januari 2025 betri za Moss Landing, California, ziliungua na watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa. Zile zilirundikwa ndani ya jengo moja. Makontena yaliyotengana, nje, ndiyo ya kudai.

Ardhi nayo isichukuliwe kirahisi. Megawati moja ya paneli hutaka hekta moja hivi au zaidi. Uwanda wa mawe wa kusini, ambao mgeni huuona pori tupu, ndiko watu wanakolima mihogo na kunde na kukata kuni, wakihama kiwanja na kukirudia baada ya miaka. Kisheria ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, lakini mkulima huyo ana haki ya matumizi na ya miti yake, na fidia ihesabu hata kiwanja kilichopumzishwa.

Sharti la kutumia inveta ya aina ya pili liandikwe kwenye zabuni, kwa sababu kubadilisha mitambo baadaye ni ghali. Na kabla mkandarasi hajalipwa malipo ya mwisho, laini ya kusini itenganishwe na gridi mchana kweupe, izimwe kabisa, kisha mtambo uiwashe wenyewe.